Sima ya Mzee Kahindi

Miaka ishirini ya kuhamahama, kutoka Kitale hadi Voi kisha Lamu, ilinifikisha Malindi, nikawa tarishi katika kituo cha msaada wa kisheria. Nilipanga chumba katika mtaa wa Shella mjini humo, na nyumba nzima hakuna aliyejua jina langu.

Siku moja nilitumwa kijiji cha Adu na barua iliyofungwa, ya kumwita Mzee Kahindi kwenye usuluhishi wa shamba la Mama Dama, mjane. Nilipomtaja mjane, mzee akatabasamu.

"Dama ni mke wa marehemu ndugu yangu. Ni wetu huyo. Karibu ule, mwanangu."

Mwanangu! Sikuwa nimeitwa hivyo tangu mama afariki. Nikaletewa sima na mchicha wa nazi, nami, na miaka yangu arobaini na tatu, nikaamini nimefika kwa watetezi wa mjane. Nikamwaga yote niliyoyasikia ofisini, hata kwamba karatasi ya mjane ya kununulia shamba iliungua pamoja na nyumba.

"Maskini," mzee akasema, akaniongezea mboga.

Siku ya usuluhishi nilikuwa nikigawa chai wakili wetu alipomgeukia Mzee Kahindi. "Mzee, wewe ndiwe unayelidai shamba. Anza."

Nikaweka birika chini.

"Dama hana karatasi, iliungua," Mzee Kahindi akasema, akininyooshea kidole kwa furaha. "Muulizeni mwanangu huyu."

Mama Dama akaniuliza taratibu, "Alikupa nini, baba?"

"Sima na mchicha, mama," nikajibu, na jioni hiyo nikafunga begi langu.