Kamba ya Kwendea Chooni

Nyumba yetu hapa Nandagala imepoa tangu mdogo wangu aende shule ya bweni Nachingwea. Nikirudi kutoka shuleni naingia bila kusema kitu, na hakuna wa kuniuliza, "Dada, ni wewe? Mbona huongei?" Mimi nina aibu, wageni huwa nawajibu kwa kutikisa kichwa. Lakini yeye haoni tangu azaliwe, na kwake anayetikisa kichwa ni kama hayupo. Ndiye aliyenizoesha kuongea, japo kwa sauti ya ndani ya nyumba tu.

Nakumbuka sana mwaka ule alipoanza kutujia mwalimu wa watoto wasioona, mama mmoja mnene, mcheshi, akiletwa na bodaboda. Alituonyesha mambo madogo ambayo hatukuwahi kuyawaza. Kushona kifungo ndani ya shati upande wa mgongoni, mtoto ajue mbele na nyuma. Tusimwambie "kipo pale", maana pale ni wapi? Tuseme kushoto kwako, karibu na mtungi. Baba akafunga kamba kutoka mlangoni mpaka chooni, mdogo wangu aishike aende mwenyewe.

Mama hakuipenda ile kamba. Mwalimu alishasema wazi kwamba bweni halipokei mtoto asiyeweza kwenda chooni peke yake. Mama anaitikia vizuri, ila mwalimu akiondoka tu, anamshika mtoto mkono. "Ataanguka," anasema. Nadhani alichoogopa zaidi ni kwamba hataanguka, halafu watamchukua.

Siku aliyokuja mwalimu kumpima kwa mara ya mwisho, kama anafika chooni mwenyewe, ulikuwa msimu wa korosho, zimeanikwa uani juu ya turubai. Mdogo wangu akatoka mlangoni, akapapasa. Kamba hakuna! Mjomba alikuwa ameifungua asubuhi akafungia gunia kwenye baiskeli, wala hakumwambia mtu.

Mama akainuka. Mwalimu akamvuta khanga. "Kaa, mama yangu. Tumwone kwanza."

Mdogo wangu akaenda taratibu, mikono mbele, mguu mmoja ukifuata ukingo wa turubai. Ukingo ulipoisha akakata kushoto, akaingia bandani kwa kuku. Kuku wakaruka kila upande.

"We mume wangu!" Bibi alicheka mpaka akajishika kiuno. "Umenichoka mimi, sasa unaoa kuku?"

"Bibi, nyamaza, nasikiliza!"

Mama akanigeukia. "Kamkamate mdogo wako!"

Nikasimama. Mwalimu alikuwa ananitazama. Badala ya kwenda, nikapaza sauti mpaka nikajishtua mwenyewe: "Toka bandani! Rudi nyuma, shika uzio, choo kipo kulia kwako!"

Akatoka na manyoya kichwani, akashika uzio, akaufuata. Tukasikia mlango wa bati unafungwa. Tukaukodolea macho mlango ule kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Hata Bibi.

Alipotoka akanawa kwenye kibuyu chirizi, akajifuta mikono kwenye kaptula, halafu akafoka, "Nani kachukua kamba yangu?"

"Huyu bweni anaishi," mwalimu akasema, akicheka.

Mama hakucheka. Alikaa anaokota manyoya yaliyopeperukia kwenye korosho, moja moja, bila kumtazama mtu. Baadaye sana ndipo akamuuliza mwalimu, kwa sauti ndogo,

"Huko bweni, wanalala na vyandarua?"