Ubao Uliosema Hamsini na Moja

Sekunde ishirini za mwisho, timu yetu ikiwa nyuma kwa pointi moja, mjomba wangu alisimama katikati ya uwanja akidunda mpira wa kikapu na hakuurusha. Aliudunda taratibu, akitabasamu, mpaka filimbi ikalia. Mashabiki wetu walimiminika uwanjani wakambeba mabegani. Walikuwa wamemzungusha uwanja mara mbili refa alipokuja kuwaambia wamshushe, kwa sababu tulikuwa tumeshindwa.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na ubao wa alama ulikuwa umeandikwa kwa mkono wangu.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye chuo kile, hapa Eldoret, kutazama mchezo mwingine. Tulicheza na watu wa ng'ambo. Ndivyo tunavyokiita hadi leo kile chuo cha upande wa pili wa mto. Walitushinda tena, safari hii kwa pointi kumi na nne, ndani ya ukumbi wenye paa, na ubao wa umeme ukiwaka nambari nyekundu zisizobishaniwa na mtu. Tulitoka nje. Mzee wa stoo, ambaye zamani alikuwa mtunza vifaa wa chuo, alinishika mkono, tukavuka barabara hadi hoteli ya chai iliyo mkabala na lango. Dereva wa basi la chuo, naye sasa amestaafu, alikuwa ameshatuwekea viti.

"Vijana wa siku hizi wanacheza na nywele," dereva akasema. "Kila dakika anashika nywele. Mpira atashika saa ngapi?"

"Afadhali hao," mzee akamjibu. "Wewe ulikuwa unaendesha basi na sambusa mkononi."

"Na niliwahi kuwaangusha?"

"Hukutuangusha. Ulitupaka mafuta tu."

Tulicheka. Nilijua tunakoelekea. Wazee hawa wakishindwa leo huwa hawakai na kushindwa kwa leo. Hurudi kwenye kule kushindwa kwa zamani.

"Kile kikapu kilikuwa halali kabisa," mzee akaanza.

"Halali ya kanisani," dereva akaitikia.

"Refa alikuwa na haraka ya kukimbia mvua. Muulize huyu mama, ndiye alikuwa karibu. Si uliandika mwenyewe?"

"Niliandika," nikasema.

"Umesikia? Mtoto hadanganyi."

Nikakoroga chai yangu, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka kitambo.

Nikurudishe nyuma kidogo, rafiki yangu, ili uelewe kwa nini neno lile lilinichoma.

Mama alikuwa mpishi katika jiko la chuo. Alikuja Eldoret kutoka upande wa ziwani kutafuta kazi, na kaka yake mdogo alipopata nafasi ya kusoma ualimu chuoni hapo, akaja kuishi nasi mtaa wa Kimumu. Huyo ndiye Mjomba. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mlango wetu aliuingia akiwa ameinama, na kila asubuhi, kabla umande haujakauka, alidunda mpira kwenye ua wetu wa muramu, ule udongo mwekundu wa changarawe.

"Utatoboa ardhi tutumbukie wote," Mama alimwambia kupitia dirishani.

Jirani yetu, mama wa Kikalenjin aliyefuga ng'ombe watatu nyuma ya nyumba, alilalamika kwamba ng'ombe wanakataa kutoa maziwa wakisikia dundadunda ile. Lakini jioni aliniletea kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, nimpe Mjomba, akisema mtu akirefuka hivyo lazima aongezewe kitu ndani.

Mjomba aliniita karani. Alirusha mpira kwenye ringi aliyotengeneza kwa mdomo wa ndoo kuukuu, na mimi nilikaa juu ya jiwe nikihesabu alizofunga na alizokosa. Alikuwa akiniuliza ghafla, bila kugeuka, "Karani, tuko wapi?" nami nikamjibu papo hapo. Sikuwahi kukosea. Aliwaambia wenzake hivyo, na maneno yakamfikia mwalimu wa michezo. Nilipoingia darasa la sita, nikapewa ubao.

Jumamosi za mchezo zilianzia jikoni. Nilifika na Mama kabla jua halijapanda, baridi ya Eldoret ikiuma vidole, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchagua mawe kwenye maharagwe. Moshi wa kuni za mkaratusi ulijaa hadi kwenye sweta. Gari la maziwa kutoka Moiben liliingia likigonganisha mikebe, githeri ya mahindi na maharagwe ikaanza kuchemka kwenye sufuria ambazo ningeweza kuogea ndani yake. Saa saba mchana nilivua aproni, nikalowesha kitambaa, nikaenda kufuta ubao.

Ulikuwa ubao wa darasani, mweusi, uliochoka, umeegemezwa kwenye mkaratusi nyuma ya meza ya waamuzi. Waamuzi waliupa mgongo. Wao walikuwa na karatasi yao, na hiyo karatasi ndiyo iliyokuwa sheria. Ubao ulikuwa wa mashabiki na wachezaji. Mchezaji aliyetaka kujua karatasi inasema nini hakuruhusiwa kuisogelea. Nahodha peke yake ndiye aliyeweza kwenda mezani kuuliza.

Ila, kusema kweli, mashabiki wetu hawakuuhitaji sana ubao. Walikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kila kikapu chetu kilipoingia, mzee wa stoo alipiga debe mara moja, na umati mzima ukataja jumla kwa sauti. Wapishi waliitaja kutoka dirishani. Wachuuzi wa mahindi ya kuchoma waliitaja langoni bila kuona mchezo. Mtu aliyekuwa anapita barabarani aliweza kujua tumefika ngapi. Watu wa ng'ambo walituchukia kwa hilo. "Chuo kizima hakijui kuhesabu kimoyomoyo!" walitupigia kelele. Mzee wa stoo aliwajibu, "Nyinyi hesabieni moyoni, vikapu vyenu ni vichache!"

Siku ile mchezo ulikuwa mkubwa kuliko ushindani wetu wa kawaida. Mjomba alikuwa nahodha na ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Mtu mmoja alikuwa amekuja kutoka Nairobi kumtazama. Alikuwa wa timu ya kampuni fulani ambayo mchezaji akichukuliwa alipewa na kazi hapo hapo. Nyumbani kwetu hakukuwa na mazungumzo mengine wiki nzima. Mama alikuwa ameshaanza kupanga ni shati gani Mjomba atavaa akienda kuripoti.

Alicheza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Ilipobaki dakika moja na kidogo, wao walikuwa na hamsini, sisi arobaini na tisa. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye matawi. Mjomba akapokea mpira upande wangu, hatua chache kutoka niliposimama, akawapita wawili, akarusha. Mpira ukaingia. Debe likalia. "Hamsini na moja!" umati ukanguruma, na wakati huo huo radi ikapasua anga na mvua ya mawe ikaanza.

Katika kelele ile filimbi haikusikika. Lakini mimi nilimwona refa. Alikuwa anapunga mikono yote miwili mbele ya kifua, kisha akazungusha ngumi zake. Nilizijua ishara zile kama nilivyojua jina langu. Kikapu kimefutwa. Amekimbia na mpira bila kuudunda.

Kila mtu alikuwa anakimbilia bwalo la chakula akiwa amejifunika kichwa. Sijui ni wangapi wengine walioona.

Mvua ilipokatika, vijana walifagia maji wakamwaga maranda ya mbao uwanjani, harufu yake mbichi ikajaa kila mahali. Ubao wangu ulikuwa umeoshwa ukabaki mtupu. Nikachukua chaki kavu, nikaandika hamsini upande wa wageni. Kisha nikasimama.

"Hamsini na moja, mama!" mzee wa stoo akanipigia kelele. "Andika, watu waone!"

Umati ukaitikia. Walikuwa mamia, wamelowa, wanacheka, wananitajia nambari ile. Wote walikuwa watu wazima. Kulikuwa na walimu. Kulikuwa na mama yangu mlangoni mwa bwalo akipunga kitambaa. Nikaandika hamsini na moja.

Usinifanye mtoto asiyejua. Nilijua. Niliandika moja iliyopinda, nikaifuta nikaiandika tena vizuri.

Mpira walianza nao watu wa ng'ambo, na hilo halikumshtua mtu, kwa sababu hata baada ya kufungwa ni wao ambao wangeanza. Nahodha wao alienda mezani, akainama, akauliza kitu, akarudi. Mashabiki wetu walimcheka. Wakauchezea mpira wakizungushiana bila haraka, na hilo nalo lingetufumbua macho, maana timu iliyo nyuma haichezi hivyo. Zikabaki sekunde ishirini hivi, Mjomba akawanyang'anya. Hawakumkimbilia. Walirudi chini ya ringi yao wakajipanga kuilinda, wakamngoja arushe. Yeye akatazama ubao, akatabasamu, akaanza kudunda.

Mengine nimeshakuambia.

Yule mtu wa Nairobi hakuandika barua. Mjomba alimaliza masomo akapelekwa kufundisha shule ya msingi upande wa Moiben, akaoa huko, akafuga ng'ombe. Mpira hakuugusa tena. Mama hakuwahi kuniuliza kitu, wala Mjomba. Mashabiki walikwisha kukubaliana kwamba refa alituibia baada ya mvua, na mimi nikawa shahidi wao, mtoto aliyeandika ukweli.

Uwanja ule sasa ni maegesho ya magari. Mikaratusi imekatwa. Hakuna anayehesabu kwa sauti tena. Jumamosi iliyopita nilijaribu, kikapu chetu cha kwanza kilipoingia, nikasema "mbili" kwa nguvu kidogo. Msichana aliyekaa mbele yangu akageuka kuona kama ninaumwa. Ninalolikosa zaidi ni sauti ile ya watu wote kujua jambo moja kwa pamoja. Halafu nakumbuka kwamba siku ile walilijua kwa pamoja na wote walikosea, isipokuwa mimi.

Pale hotelini, mzee aliposema mtoto hadanganyi, niliona nimefika mwisho wa kuvumilia. Jumapili baada ya ibada nikaendesha gari hadi Moiben.

Mjomba alikuwa anaosha mikebe ya maziwa kwenye bomba nyuma ya nyumba. Amepinda mgongo kidogo sasa. Alinikaribisha chai, nikasema kwanza anisikilize. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia kuhusu mikono ya refa, na ile moja iliyopinda.

Aliufunika mkebe mmoja, akaufunua, akaufunika tena.

"Uliona?"

"Niliona, Mjomba."

"Mimi nilisikia filimbi," akasema. "Nikafikiri, labda amesimamisha kwa sababu ya mvua. Tulipotoka bwaloni nilianza kwenda mezani kuuliza. Nilifika katikati. Nikaona ubao. Nikasema, si ni karani wangu ameandika. Nikageuka."

Nililia kama mtu wa miaka kumi na moja. Akaniacha nilie, kisha akanipa kanga ya mkewe iliyokuwa kwenye kamba, nipanguse uso.

"Hata mimi niliijua miguu yangu," akasema. "Mtu anajua akiongeza hatua. Nilitaka ubao uwe kweli, basi. Na usijitese sana, mama. Yule mtu wa Nairobi aliondoka wakati ule wa mvua. Nilimwona kwa macho yangu akiingia kwenye gari. Ya mwisho hakuyaona. Kama alinikataa, alinikataa kwa yale mazuri."

Tukanywa chai. Akanijazia chupa ya maziwa. Nikaondoka nikiwa mwepesi, nikipita mashamba ya mahindi yaliyoanza kukauka, na sijui ni kitu gani kilichonifanya nisimamishe gari kando ya barabara nimpigie Mama, ambaye siku hizi amerudi kwao ziwani.

"Mama, unamkumbuka yule mtu wa Nairobi aliyekuja kumtazama Mjomba?"

"Wa koti la kijivu? Namkumbuka. Nilimpa chai mchezo ukiisha. Alikunywa amesimama, akaniuliza jina la ndugu yangu linaandikwaje."

Nikashika usukani. "Mchezo ukiisha, Mama? Au wakati wa mvua?"

"Ukiisha. Watu walikuwa wamejaa bwaloni, wamelowa chapachapa. Ngoja. Kama walikuwa wamelowa..." Nikasikia kuku wakilia nyuma yake. "Mwanangu, nakumbuka kikombe. Saa sikumbuki. Wacha nifikirie, nitakupigia."

Kama ilikuwa wakati wa mvua, basi mtu yule alikunywa chai yake akaenda zake, na Mjomba ameniambia kweli. Kama mchezo ulikuwa umekwisha, alikaa akaona yote, hata zile sekunde ishirini, na Mjomba amenihurumia kwa uongo.

Leo ni Alhamisi. Mama hajapiga.