Mzee Aliyebonyeza Kila Mara

Wenzake darasani walimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na miaka thelathini na minane na wao walikuwa watoto wa juzi. Kabla ya kusomea upimaji wa usikivu na ufungaji wa vifaa vya kusaidia kusikia, alishona nguo kiwandani miaka kumi na mitatu. Mtihani wa vitendo alikuwa ameshaufeli mara moja, na hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Asubuhi hiyo mumewe alimpigia pasi koti jeupe, akalitundika mlangoni.

Alipewa kumpima dereva wa lori mstaafu, mcheshi, aliyesema masikio yake aliyaachia barabarani. Shangazi alimketisha kwenye chumba kidogo kisichopitisha kelele, akamvisha hedifoni na kumpa kitufe: akisikia mlio, hata uwe mdogo vipi, abonyeze. Kisha akatoka, akakaa kwenye mashine upande wa pili wa kioo. Mtahini alikaa nyuma yake na kalamu. Muda wote ulikuwa dakika arobaini.

Mlio wa kwanza, mzee akabonyeza. Shangazi akaupunguza, mzee akabonyeza. Shangazi akazidi kuupunguza mpaka ukawa mlio ambao hata yeye mwenyewe asingeusikia. Taa ya mashine, inayowaka kitufe kikibonyezwa, ikawaka. Mtu aliyeendesha lori miaka thelathini, masikio ya mtoto mchanga?

Akasogeza mkono kama anayetoa mlio, ila hakutoa chochote. Taa ikawaka.

Mzee alikuwa anautazama mkono wa Shangazi kupitia kioo, na kosa lilikuwa la Shangazi mwenyewe, aliyemketisha akielekea huko.

Zilibaki dakika kumi na saba. Grafu ya majibu ilipendeza na mtahini hakuonyesha kugundua chochote. Kama Shangazi angenyamaza, huenda angepita. Aligeuka, akamwambia mtahini kwamba majibu yote yale si ya kweli na anaanza upya. Mtahini alitazama saa, akaandika kitu.

Mzee alipoelezwa, aliinamisha kichwa.

"Niliona mikono yako inatetemeka, binti yangu. Nikasema nikubebe kidogo."

"Baba, ukinibeba hivyo utarudi nyumbani bila kifaa, kama ulivyokuja. Mkeo atapaza sauti umsikie mpaka lini?"

Mzee alicheka, akageuza kiti mwenyewe, akaelekea ukutani.

Safari hii taa ilikaa muda mrefu bila kuwaka, huku dakika zikienda. Milio myembamba mzee hakuisikia kabisa. Sikio la kulia lilimalizika. La kushoto lilikuwa nusu muda ulipokwisha. Mtahini alifunga daftari, akasema alama zimeishia hapo, lakini mgonjwa bado anahitaji kupimwa sikio lake la pili. Shangazi akamaliza bila alama.

Matokeo yalibandikwa wiki iliyofuata. Alipita kwa kuzidi alama mbili tu. Pembeni mtahini aliandika: "Muda: hovyo." Aliisoma karatasi mara tatu, kisha akakaa kwenye ngazi.