Darubini ya Mwalimu, Mkono wa Mektilda

Mwalimu Cornel Kapinga alifundisha fizikia Songea kwa zaidi ya miaka kumi na saba, na miaka yote hiyo tulikuwa majirani kata ya Lizaboni. Mimi naitwa Chande. Nilikuwa na studio ya picha mtaa wa pili kutoka kwake. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe baadaye, na katika kueleza hakujipendelea.

Alikuwa Mmatengo wa Mbinga, mwembamba, mwenye sauti ya darasani hata anaponunua chumvi dukani. Mkewe Mektilda alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani pao. Mitumba ilipojaa sokoni watu waliacha kushonesha nguo mpya, naye akahamia kwenye kupunguza suruali na kubadili zipu. Binti yao mmoja, Recho, alikuwa anasoma bweni mkoa mwingine.

Mwaka 1994 mhandisi mmoja Mjerumani wa mradi wa maji alimaliza mkataba, akauza vyombo vyake. Walimu wenzake Cornel waligombea jokofu na makochi. Yeye aliuza pikipiki yake akarudi na darubini: bomba jeupe la urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, miguu mitatu ya chuma, na mota ndogo ya kuizungusha polepole ifuate nyota.

“Shuleni utakwenda na nini?” Mektilda alimuuliza.

“Miguu ninayo.”

Hakuinunua kwa kuangalia tu. Alitaka kupiga picha za nyota. Alikuwa na kamera yake ya Zenit, akaifunga mgongoni mwa darubini. Mpango ulikuwa kamera iachwe wazi dakika ishirini inywe mwanga, huku mota ikizungusha kila kitu pamoja ili nyota zibaki mahali pamoja kwenye filamu. Mota isipofanya kazi sawasawa, nyota hujichora kama mistari.

Shida ya kwanza ilikuwa chuma chenyewe. Kilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya, kikawa hakiinami vya kutosha kwa huku kwetu karibu na ikweta. Mwalimu alichonga kabari ya mninga, akainamisha kichwa cha chuma mpaka kikaelekea kusini, juu kidogo ya paa la jirani. Nilimsifu kwa hilo na nilimaanisha.

Filamu alileta kwangu nizisafishe. Ya kwanza ilikuwa mistari mitupu. Ya pili vilevile. Kila mara alikuwa na sababu. Mara upepo, mara skrubu imelegea, mara malori ya mahindi yanatikisa ardhi. Alining'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu ya darubini. Alihamisha kila kitu nyuma ya jiko. Mistari ikaendelea, tena mirefu.

Jioni moja ya Juni umeme ulikatika mtaa mzima, akatuma niitwe nikaone. Ilikuwa saa moja na nusu, baridi ya Songea imeshaanza kuuma, mbingu imejaa hadi pembeni. Mektilda alikuwa amejifunga kitenge mabegani, jicho lake kwenye darubini. Mwalimu aliwasha mota kwa betri ya gari, akaizima, akaiwasha tena.

“Baba Recho,” mkewe alisema, “ukiizima, nyota inatoka taratibu. Ukiiwasha, inakimbia mara mbili. Mota inakwenda kinyume.”

Mwalimu alicheka. “Mama Recho, hii imetengenezwa Ujerumani.”

“Ndiyo nasema. Gurudumu la cherehani likizungushwa kinyume linafanya hivihivi. Kila kitu kinatembea, lakini kazi haiendi.”

Alimtoa mkewe kitini, akatazama mwenyewe. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi si msomi wa fizikia, ila hata mimi nilielewa aliponieleza kesho yake: ukitazama ncha ya kaskazini ya anga, nyota huzunguka upande mmoja, ukitazama ya kusini, huzunguka upande mwingine. Mota ya Mjerumani ilijua kaskazini tu. Jambo hilo alikuwa akilifundisha kidato cha tatu kila mwaka.

“Ningeligundua,” aliniambia. “Nilikuwa nakaribia.”

Haraka ya kurekebisha kabla mkewe hajasema neno jingine ndiyo iliyomponza. Badala ya kugeuza waya kwenye mota yenyewe, aligeuza kwenye betri. Kisanduku cha kuendeshea mota kilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki, na mota haikuzunguka tena.

Ikabaki njia ya mkono. Unatazama nyota moja iliyo kwenye msalaba wa nyuzi ndani ya darubini, na kwa vidole viwili unazungusha kirungu kidogo ili isitoke katikati. Dakika ishirini bila kupumzika. Mwalimu hakuwa na mkono huo. Alikuwa anavuta, anasahihisha, anavuta zaidi. Negativu zake zilionyesha nyota zenye meno kama msumeno.

Halafu akaleta filamu ambayo nilipoimwagia dawa nilidhani imeingia vumbi. Niliiweka chini ya lenzi. Halikuwa vumbi. Zilikuwa nyota, maelfu, kila moja nukta, na mkiani mwa Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la nge, kulikuwa na wingu zito la nyota ambalo sikuwahi kujua lipo. Nilimpa mkono Mwalimu alipokuja.

“Umeweza, Mwalimu.”

“Asante, fundi,” akasema, akaweka bahasha ya picha mfukoni.

Siku ya pili alikuja Mektilda kununua betri za tochi. “Shemeji, zile za Jumanne zilitoka?”

“Zipi?”

“Nilizopiga mimi. Mwalimu alikuwa kwenye kikao.”

Nilimwambia mumewe ameshachukua picha. Akatikisa kichwa, akalipa betri, akaondoka. Mimi nilichapa nakala kubwa kutoka kwenye negativu zilizobaki kwangu, nikaitundika ukutani.

Hapo ndipo wivu wa Mwalimu ulipoanza kuonekana wazi. Watu walikuja studio kutazama, nikawaambia aliyepiga, wakatoka wakimtafuta mkewe barazani. Wengine walipeleka suruali za kupunguza kwa kisingizio tu. Mwalimu akipita njiani walimuuliza, “Mama mzima? Bado anapiga nyota?” Aliniambia kwamba neno lile “bado anapiga” alitembea nalo siku nzima. Yeye ndiye aliyeuza pikipiki. Yeye ndiye aliyechonga kabari. Nyumbani alianza kumsahihisha mkewe mambo madogo: chumvi kwenye dagaa, namna ya kutamka majina ya nyota, kuacha mkasi kitini. Mektilda akikaa kwenye darubini, yeye alizunguka nyuma yake akipiga hatua nzito, akijua kabisa kwamba ardhi inatikisika.

Kisha akaja Sista Kunegunda, aliyekuwa akisimamia masomo katika shule moja ya wasichana. Alikuja kwa ajili ya picha za pasipoti. Alisimama mbele ya ile nakala ukutani mpaka nikamaliza kumtayarishia kiti.

“Nani amepiga?”

Nikamwambia ukweli.

Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Mektilda, akamwomba picha ya Nge mzima ya kutundika darasani, na aje aeleze wasichana jinsi alivyoipiga. Mwalimu alikuwepo, anasahihisha madaftari. Sista alimwamkia, akauliza hali yake, akarudi kuzungumza na mkewe.

“Miaka kumi na saba ya fizikia,” Mwalimu aliniambia, “na nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake.”

Mwezi ulipoandama Julai, Mektilda alipiga jioni tatu mfululizo. Filamu ilibaki ndani ya kamera, bado ina nafasi chache. Siku ya nne, saa sita mchana, akiwa amekwenda sokoni kutafuta vifungo, Mwalimu alirudi kula. Kamera ilikuwa mezani. Aliichukua, akaenda nayo uani penye jua, akafungua mlango wa nyuma. Alihesabu hadi kumi, akafunga. Kisha akala ugali wake.

Jioni ile alinifuata studio. Alikaa, akasimama, akakaa.

“Chande, Mama Recho ataleta filamu. Ikiwa mbovu, mwambie filamu siku hizi zinaletwa na kila mtu, nyingi zimepitwa na muda. Hutakuwa umesema uongo mkubwa.”

Nilielewa kwa kuona tu alivyoshika kofia yake.

Filamu ilikuja, nikaisafisha. Ilitoka nyeusi. Mektilda aliponifikia nilimwambia maneno yaleyale niliyopewa. Namshukuru Mungu hakunitazama usoni wakati nasema. Aliinyoosha ile filamu mbele ya dirisha, akaipitisha vidoleni polepole kama anayekagua mshono.

“Shemeji, kama ni mbovu, mbona kipande hiki cha mwisho ni safi?”

Kipande hicho kilikuwa bado kimejificha ndani ya kopo lake kamera ilipofunguliwa. Mwanga haukukifikia. Aliikunja filamu, akaiweka kwenye mkoba pamoja na futi yake ya kupimia, akaniaga.

Mwalimu alingoja ugomvi. Haukuja. Mektilda alishona, alipika, alimwekea maji ya kuoga. Darubini aliifunika kitenge cha zamani na hakuigusa. Mwezi ukakua, ukajaa, na Mwalimu akawa analala vibaya. Siku ya kumi na mbili, wakiwa mezani, alisukuma sahani.

“Mimi ndiye niliyefungua kamera.”

“Najua.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nilitaka nione utakaa nalo siku ngapi.”

Alimwomba msamaha. Mektilda alimaliza kula kwanza. Halafu akasema, “Mimi umeshaniambia. Sasa nenda kamwambie Sista kwa nini picha yake haipo.”

Alikwenda Jumamosi, kwa miguu, saa nzima na ushee kwenda. Sista Kunegunda alimsikiliza akiwa amesimama kwenye veranda. Hakumkaripia. Alimuuliza tu kama mkewe atapiga tena, naye akajibu kwamba atapiga kama atataka. “Basi mwambie nasubiri,” akasema Sista, akarudi darasani.

Agosti, mwezi ulipopotea, Mektilda aliondoa kitenge. Mwalimu alishika saa na tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, akihesabu dakika kwa sauti ya chini, amesimama mahali pamoja asitikise ardhi. Nge mzima alitoka, kuanzia makucha mpaka mwiba, na moyo wake ukiwa nukta moja nene.

Mwaka mmoja baadaye, tukiwa tumekaa nje ya studio yangu, nilimuuliza Mwalimu kama wivu ulimwisha.

“Hapana,” alisema. “Hata jioni ile, nikimhesabia dakika, nilikuwa naomba mkono wake uteleze. Dakika ya kumi na tano niliomba kabisa. Sikupiga hatua, ndilo pekee ninaloweza kujisifia.”

Mimi nilikuwa na langu, na sikumwambia. Filamu ile ya Agosti haikuja kwangu. Mektilda aliipeleka studio mpya karibu na sokoni, kwa kijana aliyenunua mashine ya kusafishia picha baada ya biashara huria kuruhusiwa, na hata zilizofuata alizipeleka huko. Kila nikienda kununua karatasi nilipita mbele ya dirisha lake, nikaona nyota za Mektilda zimepangwa pale, zimechapwa kijivu mno, bila uangalifu, na watu wamesimama kuzitazama. Ningezichapa vizuri zaidi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na kijana ambaye hakunikosea chochote. Mektilda alikaa huko mwaka na miezi minne kabla hajanigongea mlango na filamu mkononi, akasema, “Shemeji, hii naomba uisafishe wewe,” nami nikaipokea kwa mikono miwili.