Siku Tatu Nilizokula Nyuma ya Jiko

Likizo iliyopita mama alinituma kijijini Lurujo nikamwangalie bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa ametoka hospitali ya Koboko alikolazwa kwa malaria, na amepewa vidonge vya kumeza baada ya chakula. Shangazi anayeishi naye alikuwa na msiba kwa wakwe zake, siku tatu. Kazi yangu ilikuwa moja: bibi ale, ameze dawa. Nilikubali haraka, na sababu yangu haikuwa nzuri. Nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuniangalia mdomo.

Nilikuwa na waya kwenye meno, mwezi wa tano tangu niwekwe. Meno yangu ya juu yalitangulia mbele tangu utotoni, na daktari wa meno wa Arua aliyagundishia vidude vidogo vya chuma, kimoja kwa kila jino, akapitisha waya juu yake ili yarudi nyuma polepole. Shuleni, Ediofe, wasichana wa darasa langu waliniita Seng'enge. Nikisimama kusoma, mmoja alisema chinichini, mwalimu asisikie, "Funga geti, mbuzi zitatoka." Waliokaa karibu walicheka. Mimi pia nilicheka, midomo imefungwa. Tangu hapo nikazoea kuongea na kiganja mbele ya mdomo, na maswali mengi nikayajibu kwa kutikisa kichwa.

Watu wanadhani shida ya waya ni maumivu. Maumivu yapo, siku mbili tatu kila daktari akikaza, halafu yanapungua. Shida ni kula. Jani la kunde linajizungusha kwenye waya kama limefungwa kwa makusudi. Punje ya simsim inaingia pembeni ya chuma na kukaa pale inang'aa, na wewe hujui, unaongea tu na watu. Kila baada ya kula lazima nipige mswaki, kisha nichukue mswaki mwingine mwembamba kama njiti ya kiberiti nipitishe chini ya waya, jino kwa jino, kisha nisukutue kwa maji ya chumvi. Daktari alisema nikizembea meno yatanyooka lakini yatakuwa yameoza. Mimi ni mwoga, sizembei.

Bibi aliolewa na mwanajeshi akaishi kambini miaka mingi, ndiyo maana tunaelewana. Mama yangu si Mkakwa kama bibi, na Kikakwa changu ni cha salamu tu. Tunaongea Kiswahili, yeye kile cha kambi, mimi hiki cha shule. Nilipofika nilimsalimia kwa magoti, kichwa chini, kitambaa cha kichwa nimekivuta mpaka puani. Aliniuliza habari za baba nikajibu kwa maneno mawili.

Mchana nilipika ugali wa muhogo na mtama, na kunde kwa simsim kama anavyopenda. Nilimnawisha mikono, nikaweka sahani mbele yake mkekani, nikasema karibu bibi, nikatoka. Yangu nilikula nyuma ya jiko, nimeupa ukuta uso, na kikombe changu cha maji ya chumvi kando. Niliporudi, ugali ulikuwa mzima. Bibi alisema ameshiba. Chai alikunywa, aliyojimiminia mwenyewe kutoka kwenye chupa.

Siku ya pili ikawa vilevile. Nikabadilisha mboga, nikaleta uji, nikaleta ndizi zilizoiva. Ndizi moja aliimenya mwenyewe akala nusu. Vidonge alimeza tumbo likiwa tupu, akatapika. Nilidhani ni ugonjwa. Siku ya tatu asubuhi alitaka kwenda chooni akashindwa kusimama. Nilipomshika, mkono wake ulikuwa mwepesi mpaka nikaogopa. Nilikaa kizingitini nikifikiria nitamwambia baba nini.

Shangazi alirudi siku hiyo kabla ya adhuhuri. Alimtazama mama yake, akanivuta nje, akaniuliza bibi amekula nini. Nilimweleza yote, kiganja mdomoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza neno moja.

"Ulionja?"

"Kuonja nini?"

"Chakula. Mbele yake."

Hapo ndipo nilipojua. Kwao, anayemletea mgonjwa chakula anaketi, anaanza yeye, kutoka sahani ileile, mgonjwa akimwona anatafuna na kumeza. Kisha wanakula pamoja. Zamani watu waliogopa sumu, alisema shangazi, na woga ukaisha lakini desturi ikabaki. Yeye mwenyewe, mtoto wa tumbo lake, anafanya hivyo kila siku. Hakuna anayefundishwa. Wanaona tu tangu wadogo. Mimi nimekulia Arua, nyumbani kila mtu ana sahani yake.

"Unamwekea mama chakula halafu unakimbia," alisema. "Hata mimi singekula hiyo."

Nililia. Nikamwuliza kama kweli bibi anaweza kufikiri mimi nitamdhuru. Shangazi akasema hafikiri hivyo, lakini mkono wake haukubali kwenda kwenye sahani. Nikamwomba aipeleke yeye hiyo sahani ya mchana. Akakataa. Alisema chakula cha mkono wangu ndicho kilichokataliwa, kwa hiyo ni mkono wangu utakaofanya kiliwe. Akiingia yeye, jambo hilo litabaki kati yangu na bibi maisha yote. Hakunikaripia. Aliniambia mboga inaungua.

Niliingia na sahani moja. Mlango ulikuwa wazi na mwanga ulifika mpaka mkekani. Nilimwomba bibi msamaha kwamba sikujua. Niliondoa kitambaa usoni. Nikakata tonge, nikachovya, nikatafuna. Nililisikia jani likijifunga kwenye waya, mbele kabisa, na sikuinua mkono kulificha.

Bibi alikuwa ananitazama mdomo.

"Fungua," alisema.

Nikafungua. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga, akagusa waya kwa kidole.

"Iko nini hii? Nani alifunga wewe?"

Nikamweleza. Daktari, meno yaliyotoka mbele, mwaka mmoja na nusu uliobaki. Nilimweleza mpaka habari ya mbuzi na geti, ambayo hata mama simwambii. Alicheka kidogo kwa pua. Kisha akavuta mdomo wake wa chini kwa vidole viwili. Hapakuwa na meno manne ya mbele. Nilikuwa nimeuona huo uwazi maisha yangu yote, nikidhani ni uzee.

"Hii haikuanguka," alisema. "Walitoa."

Alisimulia bila haraka, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alikuwa mdogo kuliko mimi. Waliketishwa wasichana watano, na mzee alikuja na chuma. Anayelia aliimbiwa wimbo wa kumcheka, na asiyetolewa meno angekosa mume, wangesema anakula kama mnyama. Kisha akaolewa, akapelekwa kambini, na huko wake za askari kutoka makabila mengine wakawa wanamwita kibogoyo. Akajifunza kuongea na mkono mdomoni.

"Hapa nyumbani walicheka mutu iko na meno," alisema. "Kule walicheka mutu hana."

Nilimwuliza kitu nilichotaka mimi mwenyewe kuulizwa.

"Iliuma, bibi?"

Aligeuka akaangalia mlangoni, nikadhani nimekosa adabu.

"Hakuna mutu aliuliza mimi," alisema. "Iliuma. Iliuma siku mingi. Mama yangu alikuwa anapita tu, haangalii."

Akanawa mikono tena, ingawa alikuwa ameshanawa. Akakata tonge pale nilipokuwa nimekata mimi. Alitafuna kwa meno ya pembeni, taratibu, na mimi nikakata langu. Nilihesabu matonge yake moyoni kwa sababu ya dawa. Lilipofika la sita, shangazi alisimama mlangoni ameshika vidonge na kikombe cha maji.

"Ngoja," bibi alimwambia, mkono wake bado uko kwenye sahani. "Mtoto bado anakula."