Dakika Kumi na Tisa

Jumanne, 11 Machi 1975. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, jua likatoka kali kana kwamba hakukuwa na mvua.

Naandika haya nikitazama daftari langu la wakati ule, maana kumbukumbu yangu siiamini sana, na shule niliishia darasa la saba. Nilikuwa karani wa chumba cha kompyuta katika ofisi moja pale Nakawa. Kompyuta ilitunza orodha ya mabehewa ya reli yanayovushwa ziwa kwa meli kutoka bandari ya Port Bell, na orodha ilikaa kwenye diski: sahani pana zilizopangwa kama masinia, zikizunguka ndani ya kabati. Kila mwezi niliipima diski hiyo. Naiamuru kompyuta iisome yote mwanzo mpaka mwisho, naangalia saa, naandika. Fundi Mhindi aliyenifundisha, kabla Wahindi hawajafukuzwa nchini, alisema diski isiyo na kasoro huchukua dakika kumi na moja. Alinionya niandike ninachoona kabla sijazungumza na mtu. Ndiyo elimu yangu yote ya kompyuta.

Wiki ile orodha ilichelewa mara mbili. Kapteni aliyewekwa kutusimamia akasema si mashine, ni mzee wetu, mkuu wa chumba, anachelewesha makusudi kuihujumu serikali. Mzee huyo alikuwa pia jirani yangu. Akakalishwa kwenye benchi koridoni, askari pembeni. Nje gari lilikuwa limeshageuzwa, buti la nyuma wazi, tayari kumtia mtu. Hakuna aliyeuliza ni la nani.

Kilichobaki ni karatasi yangu, ya kupelekwa kwa wakubwa wa kapteni pamoja na mzee.

"Mama, wewe andika mashine iko mzima. Dakika kumi na moja. Weka sahihi, rudi kazi," kapteni akaniambia.

Nikamwomba tupime kwanza, na saa ashike yeye, ile ya mkononi mwake, asije akasema yangu mbovu. Akacheka, akakubali. Tukasimama tukiisikiliza diski. Ikikosea, inarudia kusoma palepale, na siku ile ilirudia sana. Saa yake ilisema dakika kumi na tisa. Yangu ilisema ishirini. Nikaandika kumi na tisa, maana tulikubaliana saa ni yake.

Akasema basi, mzee ndiye ameiharibu. Nikamjibu kwamba mimi si fundi, ila nitaandika ninachojua. Nikaandika: mashine ina joto na vumbi. Vumbi liliingia dirishani. Dirisha nililifungua mimi, tangu Januari.

Alikuwa anasoma juu ya bega langu. "Sasa wewe nashitaki wewe mwenyewe?"

"Sijamaliza, afande."

Nikaandika kwamba nilifungua dirisha kwa sababu mashine ya kupoza hewa ilichukuliwa kwenda nyumbani kwa afande, kule Mbuya. Halafu nikaona si haki kuishia hapo, nikaongeza kwamba afande alileta feni ya mezani badala yake, na feni inafanya kazi vizuri. Ni kweli aliileta.

Akaniambia niandike nyingine. Nikasema nitaandika, hata kumi akitaka, lakini maneno yatakuwa yaleyale.

"Kalamu hii hapa, afande. Kama unataka kumi na moja, andika wewe, na sahihi iwe yako."

Akaikunja karatasi ya kupelekwa kwa wakubwa wake, akaitia mfukoni, akatoka koridoni na kumwambia mzee aende zake nyumbani, mashine ina joto. Nikasikia buti likifungwa.

Sisemi nilikuwa jasiri. Huenda ni ubishi tu, na siku nyingine angenitia mimi garini. Mashine ya kupoza haikurudi. Mwezi uliofuata niliandika dakika ishirini na moja, na chini yake sababu ileile, pamoja na feni.

Jioni ya Jumanne ile mzee na mkewe walikuja kwetu. Tulikula viazi vitamu na maharage, na chai bila sukari. Mzee alikula sahani mbili.