Picha Iliyomeza Sauti

Tangu kaka yangu anunue kamera Dar es Salaam, hakuna aliyepumua. Maelekezo hakuyasoma, na aliyejaribu kumweleza kitu aliitwa mshamba.

Mama alikuwa amebakiza siku chache, na ombi lake lilikuwa moja: azikwe Machame, kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, kando ya baba. Kihamba kilikuwa mikononi mwa baba mdogo, ambaye alimfukuza mama mara tu baba alipofariki, naye akaenda kupanga chumba Moshi mjini. Kwetu, mtu akikuletea jani la sale kuomba msamaha, humkatalii. Basi mama, ambaye hakumkosea mtu, ndiye aliyebeba jani. Alimwagiza kaka arekodi video, kwa kuwa alimjua shemeji yake.

Tulimkuta baba mdogo akimkatia ng'ombe majani. Shikamoo yangu aliiitikia bila kugeuka. Mama alipiga magoti kwenye tope, chini ya migomba, nami nikimshikilia kwapani. Kaka akawasha video, mama akaomba kaburi lake. Baba mdogo alilipokea lile jani akasema, "Utalala hapa, shemeji, kando ya kaka yangu."

Mama alilia kwa furaha. Nilimchukia yule mzee, lakini nilimshukuru.

Mama alipofariki, baba mdogo alituma ujumbe kwamba maiti isiletwe. Tukapeleka video kwa wazee wa ukoo. Mama anaonekana akiomba, jani limenyooshwa, halafu picha inaganda, kimya. Inapoendelea, jani liko mkononi mwa baba mdogo na mama analia.

Kaka alieleza huku akitazama viatu vyake. Alitaka picha ya mnato ya kutundika sebuleni, akabonyeza kitufe cha picha huku video ikiendelea. Na picha za mnato alikuwa ameziweka kwenye muundo ghafi, ule mzito kuliko yote, ili zisafishwe kubwa. Kamera ile ilisimamisha video mpaka imalize kuhifadhi picha. Kwa muundo mwepesi labda tungepoteza neno moja. Sisi tulipoteza sentensi nzima.

"Jani nilipokea," baba mdogo akawaambia wazee. "Msamaha nilitoa. Kaburi sikuahidi."

Nilisema nilichosikia. Wakanijibu kwamba mtoto hawezi kumtolea mama yake ushahidi. Tukamzika makaburi ya mjini, katikati ya watu tusiowajua hata kwa sura.

Picha yenyewe ilitoka safi mno. Unaona mpaka tope kwenye kanga ya mama, na mdomo wa baba mdogo uko wazi, katikati ya ahadi. Alipokuja kutupa pole aliiona sebuleni, akasema hajawahi kupigwa picha nzuri kama hiyo, akaomba nakala. Kaka, mjinga yule, akamsafishia na fremu juu.

Kwa hiyo mama yuko kihambani sasa. Yuko ukutani kwa baba mdogo, amepiga magoti.